Talaka Iliyongoja Mlangoni

Baba yangu, Mahfoudh bin Hamoudi, alikuwa mtu mwoga, na nalisema hili mimi Salme, mwanawe wa kwanza, niliyempenda kuliko alivyostahili. Watu wa Bagamoyo hawakumjua hivyo. Walimjua kwa sauti yake nzito, kwa kanzu zake zilizopigwa pasi, na kwa duka lake lililokuwa mbele ya nyumba yetu, ambamo ungepata marikani na kanga, mafuta ya taa, chumvi, majembe na sabuni ya mche. Aliyemwona akibishana na wakulima wa Makurunge juu ya uzito wa gunia angedhani hakuna kitu duniani kinachomtisha mtu yule. Woga wake aliuweka ndani, na sisi wa ndani ndio tuliokaa nao.

Nyumba yenyewe ilijengwa na babu yake Mwarabu, zama mji ulipokuwa mji. Ilikuwa na kuta nene za mawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko, na mlango mzito uliotazama barabara. Ukiingia, duka lilikuwa kushoto, mbele yako ukumbi, na nyuma ya ukumbi ua wenye jiko na kisima cha maji matamu. Mwanamke angeweza kukaa humo mwaka mzima asikanyage nje, na asikose maji wala kuni. Baba alijivunia sana jambo hilo. Laiti kisima kile kingekuwa cha maji ya chumvi, pengine haya yote yasingetokea.

Kabla ya mama, baba alikuwa na mke mwingine, binti wa watu wa Saadani. Siku moja mke huyo aliomba ruhusa kwenda kuwaamkia wazazi wake, akapewa, akaenda, asirudi. Baada ya mwezi ulikuja ujumbe kwa mdomo wa mtu mwingine kwamba hamtaki tena. Baba alimpa talaka yake bila tusi hata moja, na watu wakamsifu kwa ustahimilivu. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alipomwoa mama yangu, Mwanamvua, binti wa wakulima wa Zinga, kila mama alipotaja kwenda kwao baba alibadilika rangi. Alimruhusu, kisha akawa hali wala halali hadi arudi.

Mwaka 1938, nikiwa na miaka sita, mjomba wangu Mrisho alikuwa anamwoza binti yake huko Zinga. Mjomba Mrisho ndiye kaka pekee wa mama. Baba alikubali mama aende Alhamisi. Alhamisi ilipofika akasema Ijumaa baada ya sala. Ijumaa akasema Jumamosi. Jumamosi asubuhi mama hakuuliza tena. Alivaa buibui lake, akafunga zawadi ya bibi arusi kwenye kanga, akaja mpaka mlango wa kuingilia dukani, na mbele ya wateja akamwambia baba kwamba anakwenda na atarudi Jumatatu. Mama naye alikuwa na ulimi, sitamficha.

Baba aliona aibu mbele za watu, na nyuma ya aibu kulikuwa na ule woga wake. Akasimama, akashika mizani kwa mikono miwili.

"Wallahi, Mwanamvua, ukitoka nje ya nyumba hii, leo au siku yoyote, umeachika talaka tatu."

Kwa asiyejua, talaka ya namna hii si kitisho cha kusemwa asubuhi kikasahauliwa jioni. Ukiifunga talaka kwenye sharti, huwezi kuifungua kwa kujuta. Siku sharti litakapotimia itapita yenyewe, hata kama mume amelala, hata kama analia akimwomba mkewe asiende. Na tatu ndizo zote. Baada yake mke si wako mpaka aolewe na mume mwingine, aingiliwe, aachwe, amalize eda. Hasira hasara, husema watu, na baba mwenyewe alipenda sana kuwaambia wengine maneno hayo. Dukani pale alikuwepo Mzee Salumu, muadhini wa msikiti wetu, aliyekuja kununua tambi za taa, na mwanamke wa Fukayosi aitwaye Mwajabu aliyekuja kununua chumvi. Wote wawili walisikia neno kwa neno. Mwajabu aliondoka bila chumvi yake.

Mama aliwapa wateja mgongo. Kisha akarudi ndani, akavua buibui, akalikunja na kulitia sandukuni.

Wiki ileile baba alikwenda kwa Mwalimu Ausi, aliyekuwa akisomesha watoto na kutoa fatwa mtaani kwetu. Aliporudi, mama alimngoja ukumbini, nami nimejibanza kiunoni kwake. Baba alisema kwamba ukumbi na ua ni ndani ya nyumba, ila baraza ya mbele ni nje, basi mama ajihadhari. Mama aliuliza kama Mwalimu hakusema jingine. Baba akajibu kwamba tumwachie Mungu, akaingia dukani.

Kuanzia siku hiyo niliiona talaka kama mbwa aliyelala kizingitini. Mchana milango yote ya mtaa wetu ilikuwa wazi na watu wanaingia na kutoka, lakini kwetu mimi nilikuwa na kazi ya kuufunga mlango kila ulipofunguliwa. Mama akikaribia ukumbi wa mbele, nilimkimbilia nikamshika kanga. Nilijua, kwa kuwa wanawake waliokuja kumtazama hawakujua kunong'ona, kwamba akiachwa yeye atakwenda Zinga na sisi tutabaki, maana watoto ni wa baba. Nilikuwa nikilala nimejifunga pindo la kanga yake mkononi. Akiamka kwenda msalani ninaamka naye.

Baba naye alifanyaje? Alikuwa mpole kama maji mtungini. Alimletea mama kanga mpya kabla hajaziuza kwa mtu yeyote, alimletea ubani, alimletea samaki aina ya nguru aliyempenda. Alikaa naye uani baada ya Alasiri akimsimulia nani kapita na nani kaoa. Wageni walisema mapenzi yale ni ya ajabu. Mimi pia nilisema hivyo, nikimhurumia baba yangu kwa neno moja lililomponyoka. Nilikuwa mjinga wa miaka saba, minane, tisa.

Mwaka wa pili wa vita alizaliwa mdogo wangu Ashura, na alipoanza kukimbia hofu ikawa maradufu. Siku moja asubuhi mteja aliacha mlango wazi, mtoto akachomoka kama kuku. Nilikuwa kisimani. Nilisikia ukelele wa mama, ukelele ambao sijausikia tena kwa kiumbe yeyote, nikakimbia. Ashura alikuwa amekaa katikati ya barabara akichezea vumbi, na lori lilikuwa linapinda kona ya juu. Mama alikuwa amesimama kizingitini, ameshika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili, mguu mmoja umenyanyuka. Aliniangalia. Sijui kama angeushusha mguu ule nje, sijui hata leo, na sikuwahi kumwuliza. Nilipita chini ya mkono wake, nikamnyakua mtoto, lori likapita. Tuliporudi ndani mama alimpokea mtoto. Kucha zake mbili zilikuwa zimekatika, na baba, aliyekuwa stoo akipanga magunia, alizifunga kwa kitambaa huku mikono yake inatetemeka kuliko ya mama. Nilidhani anatetemeka kwa ajili ya Ashura.

Mwaka 1943 bibi yetu, mama yake mama, alifariki Zinga. Mjomba Mrisho alikuja kwa miguu kutuarifu, akafika kabla ya saa nne, amelowa jasho. Alikaa barazani, mama akakaa ndani, ukuta kati yao, wakalia pamoja. Maziko yalikuwa baada ya Adhuhuri. Mama alimwambia kaka yake wamzike, wasimngoje, na amwombee radhi kwa marehemu. Mjomba alisimama, akaingia dukani, akamwambia baba kwa sauti ya chini kwamba hata mbuzi hufungwa kamba yenye urefu wa kumfikisha kwenye majani.  Baba alifunga duka, akaenda naye Zinga, akabeba jeneza begani kama mwana, akateremka kaburini mwenyewe. Alirudi na udongo mwekundu miguuni. Mama alimletea maji, akamwosha miguu ile polepole, na udongo wa kaburi la mama yake akauacha ukauke uani bila kuufagia kwa siku tatu.

Masika ya mwaka 1947 yalikuwa mabaya. Mvua ilinyesha siku kumi na tisa, na nyumba ya babu, iliyokwisha kuchoka tangu zamani, ikaanza kulia. Tulisikia boriti zinagugumia. Siku ya ishirini, mchana, kipande cha dari kilianguka dukani juu ya majora ya marikani, na ufa ukafunguka kwenye ukuta wa mbele kutoka juu hadi chini, nikaona mwanga wa barabarani ndani ya ukumbi wetu. Baba alitutoa mbio, mimi na Ashura. Majirani wakakusanyika mvuani. Fundi mmoja wa chokaa alitazama ufa ule, akasema ukuta hauna saa nyingi.

Mama hakutoka. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba katikati ya ukumbi, mikono mapajani. Niliweza kumwona kupitia mlangoni. Vumbi la chokaa lilimdondokea kichwani, naye alikuwa akilipangusa.

Baba alisimama barabarani akipiga kelele atoke. Watu wote walipiga kelele atoke. Mtu mmoja alisema dharura ni dharura, Mungu anajua. Mama alisikia, akauliza kama Mwalimu Ausi yupo. Alikuwepo, mzee sasa, ameshikwa mkono na Mzee Salumu.

"Mwalimu," mama akasema, "nikitoka kwa kuogopa ukuta huu, talaka inapita au haipiti?"

Mwalimu alijipangusa maji kwenye ndevu. Kisha akasema wanazuoni wamehitilafiana, na yeye hathubutu kumwambia mke wa mtu atoke juu ya talaka tatu.

"Basi sitoki," mama akasema. "Nina watoto. Nikitoka nje sina pa kurudia."

Nililia, nikataka kuingia, nikashikwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilikuwa na hakika kwamba nitamwona mama yangu akifa mbele yangu kwa neno lililosemwa nikiwa na miaka sita. Boriti nyingine ililia. Ndipo Mwalimu Ausi akasogea mlangoni, akasema kama mtu anayejisemea:

"Lakini, binti yangu, mbona hukukubali khului? Nilimweleza mumeo tangu wiki ile ile ya kiapo. Miaka yote nimedhani wewe ndiye uliyekataa."

Mama alimwuliza khului inahusu nini. Mwalimu akamweleza pale pale, harakaharaka, mvua ikipiga. Mke anampa mume kitu chake chochote, mume anakipokea na kumfungua. Hapo si mke wake tena, na kiapo hakimhusu. Anatoka nje, kiapo kinavunjika hewani bila kumkata mtu. Kisha wakitaka, wanafunga ndoa upya hata siku hiyo hiyo, kwa mahari mpya na mashahidi, na talaka tatu zile hazipo tena. Ni jambo la nusu saa.

Watu wote waligeuka wakamtazama baba. Mimi pia nilimtazama. Sura yake niliyoiona pale ndiyo iliyonifundisha kwamba mpaka siku ile nilikuwa sijamjua.

Aliingia ndani. Sikushikwa tena, nikaingia nyuma yake. Alisimama mbele ya mama, kanzu imemganda mwilini.

"Ulijua?" mama akauliza.

"Nilijua."

"Siku mama yangu alipokufa, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaja na udongo wake miguuni, nikakuosha."

Baba alianza kulia. Alisema aliogopa. Alisema ukishamfungua mke, kurudi ni hiari yake, na yeye alikwisha kufungua mmoja. Alisema kila mwezi alikuwa anaazimia kumwambia, na kila mwezi aliogopa zaidi, kwa kuwa sasa kulikuwa na jingine la kusamehewa.

 Mama alivua kikuku cha fedha mguuni, alichopewa na mama yake alipoolewa, akamnyooshea. Mkono wa baba haukutaka kufunguka. Mwalimu alimwita kutoka mlangoni kwa jina lake na la baba yake. Baba akakipokea, akasema, kwa sauti niliyoisikia kwa shida, kwamba amemkhului Mwanamvua kwa kikuku hiki. Mama akasimama, akajifunika kanga, akapita kati yetu, akatoka nje.

Alisimama barabarani kitambo, uso juu, mvua inamnyeshea. Kisha akatukumbatia mimi na Ashura, akatuambia tusilie, akashika njia ya Zinga kwa miguu. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Mwalimu alikuwa na mashahidi tayari kwa ndoa mpya, na bwana arusi amesimama mlangoni na kikuku mkononi, na bibi arusi kaenda zake.

Ukuta haukuanguka. Ndiyo kejeli ya mambo. Mvua ilikatika kesho yake, na mafundi wakaja, wakaweka boriti mpya, wakaziba ufa, wakapaka chokaa nyumba nzima ikang'aa. Baba aliwasimamia tangu alfajiri. Wiki saba zilipita. Sisi tulikaa kwa jirani yetu Fatu, na hofu niliyokuwa nayo miaka tisa ikawa sasa imeshanifikia, na bado haikuisha, kwani sikujua kama mama atarudi, na eda yake ilikuwa inakwenda, na huko Zinga wanaume wapo. Sikusema na baba. Nilimpelekea chakula, nikakiweka chini, nikaondoka. Alikonda hadi kanzu zikamning'inia.

Nyumba ilipokwisha, alinituma Zinga. Alisema, bila kunitazama, nimwambie mama yangu kwamba ukuta sasa ni madhubuti na kwamba anaomba kumposa. Nilikwenda. Njia nzima nilikuwa nikirudia maneno nisije nikayakosea.

Nilimkuta mama shambani kwa mjomba Mrisho akipalilia mihogo, amechomwa na jua, amekuwa mweusi na mzuri. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniketisha. Nikatoa ujumbe. Alipalilia tuta zima kabla ya kunijibu.

"Mwambie baba yako nitaolewa naye, kwa kuwa nina nyinyi, na kwa kuwa sijaacha kumpenda, Mungu anisamehe. Lakini nyumba ile siingii tena, hata wakiipaka dhahabu. Na mwambie asiniambie tena kwamba aliogopa. Mie niliogopa miaka tisa, na sikumfungia mtu."

Nilirudi na maneno hayo nikidhani nimebeba mwisho wetu. Nyumba ya babu ndiyo iliyomfanya baba awe mtu. Bila hiyo alikuwa mwenye duka kama wenye maduka wengine. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie, nikarudia. Kisha akainuka, akaanza kushusha majora ya nguo kwenye rafu.

Alihamia Zinga mwezi ule. Mjomba Mrisho aliwaozesha, uso wake umekunjwa, na mahari aliyoitaka mama ilikuwa kikuku chake kirudi. Baba alijenga nyumba ya udongo na makuti kando ya barabara, akafungua kijiduka cha chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Waarabu wenzake walipopita walitikisa vichwa. Nyumba ya mawe ilifungwa, na baadaye watu waling'oa milango yake, baba asiseme kitu.

Aliishi miaka tisa mingine, hadi 1956. Mama alitoka alipotaka. Alikwenda kwenye maziko na arusi, alikwenda Kaole, alikwenda Bagamoyo, wakati mwingine hakusema hata anakwenda wapi. Kila alipojitanda buibui, baba aliacha anachokifanya, mizani ikabaki inaning'inia na mteja anangoja. Alimtazama barabarani mpaka apotee, midomo imemkauka. Nilishuhudia hilo mara nyingi mno. Hakumwuliza hata siku moja atarudi lini.